Hisa za Mama Mkwe

Wabwile alipoambiwa kwamba cheti cha kodi hakitoki bila mkurugenzi mwenzake, aliketi juu ya ndoo ya rangi, akashika kichwa, akasema, "Nimekwisha." Na alikuwa amekwisha kweli, jamani, kwa sababu mkurugenzi mwenzake alikuwa mama mkwe wake.

Anayetoka mbali atauliza shida iko wapi. Shida ni kwamba Mbukusu aliyelelewa vizuri hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja, haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa ua. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima. Siku hizi wako waliolegeza, lakini Wabwile si mmoja wao. Mwaka fulani alimwona mama mkwe akija mbele yake sokoni Bungoma, akaruka ndani ya duka la karibu bila kuangalia wanauza nini, na kwa kuwa muuzaji alikuwa amemkazia macho, ikabidi anunue sidiria mbili. Alimpelekea mkewe Jentrix kama zawadi. Hazikumtosha, na maswali yalikuwa mengi.

Sasa mtu wa namna hii alimfanyaje mama mkwe mkurugenzi? Ngoja niwaambie, maana hapo ndipo ujanja ulipomzidi mwenyewe.

Wabwile ana karakana Kibomet, Kitale, anachomelea mashine za kupukuchua mahindi, zile zinazofungwa nyuma ya trekta. Fundi ni fundi, hilo hakuna wa kumnyima. Alikuwa amesajili jina la biashara, na kila mwezi alilipa watu wa ushuru asilimia tatu ya mauzo. Ya mauzo, siyo ya faida. Chuma kikipanda bei, asilimia tatu. Mashine ikirudishwa kwa kubomoka meno akaitengeneza bure, asilimia tatu yao ilikuwa imeshakwenda. Jambo hilo lilimkera mpaka akawa analisimulia kwa kinyozi.

Kinyozi mwenyewe aliitwa Levi. Alikuwa na kiti kimoja na kioo chenye ufa, lakini ukishafungwa shuka shingoni na wembe uko sikioni, kila anachosema kinyozi kinaingia.

"Fundi, si ufungue kampuni, bana!" Levi alimwambia. "Kampuni haitozwi mpaka ipate faida. Na hiyo faida ukiigawa kwa watu wawili, kila mmoja anaonekana maskini. Serikali itafanya nini na maskini? Alafu utaitwa dairekta."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomuua. Wabwile alitoka pale na nywele nusu, akili yote ikiwa kwenye kampuni.

Basi akaanza kutafuta mshirika. Ndugu zake wa Tongaren aliwafuta mapema, maana wangekuja kila Jumapili kuulizia mgao wao na kula kuku juu yake. Jentrix naye angeuliza. Jentrix huyu bei ya chumvi huiuliza mara mbili, leo umpe hisa? Ndipo fikira ikamjia akiwa bafuni, akacheka peke yake kama mwehu. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye kwa mila hawezi kumjia Wabwile, hawezi kukaa naye, hawezi kumwuliza lolote ana kwa ana hadi siku ya kufa. Mshirika gani angempita huyo?

Karatasi zilipelekwa na Jentrix hadi Bungoma, nyumbani kwa mama yake, Mama Edinah. Jentrix aliambiwa ni karatasi za kazi tu. Mama Edinah aliweka saini, akatoa na nakala ya kitambulisho, hakuuliza neno. Nusu kwa nusu, hisa hamsini kwa hamsini. Na penye namba ya simu ya kampuni, Wabwile aliandika ya mama mkwe, ili watu wa ushuru wakitaka kusumbua mtu, wamsumbue yeye.

Halafu? Halafu hakuna. Wabwile aliendelea kuuza kwa lile jina lake la zamani na kulipa asilimia tatu zake, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kampuni ikabaki kwenye kadi alizochapisha mjini, zenye herufi za dhahabu. Kanisani kukiwa na harambee, mshereheshaji alikuwa akisoma kadi na kuita, "Dairekta Wabwile, simama tukuone!" Naye anasimama, anaweka elfu kumi mezani. Mwaka jana pekee alisimama mara nne. Jentrix alipouliza kuhusu kubadilisha mabati ya nyumba, aliambiwa mwaka ulikuwa mbaya.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka kadi moja ilipofika mikononi mwa chama cha wakulima huko Tongaren. Walitaka mashine kumi. Kumi kwa mkupuo, jamani, wakati kwa mwaka mzuri Wabwile huuza kumi na tatu! Barua iliandikwa kwa kampuni, siyo kwa Wabwile, na sharti lilikuwa moja: kampuni ilete cheti cha kuonyesha kwamba iko sawa na mambo ya kodi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Bila hicho, kazi ingepewa karakana ya Eldoret. Wabwile hakuwa na wasiwasi. Alinunua chuma chote, akamaliza akiba yote, ndipo akaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuomba cheti.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Msichana wa saiba aligonga vidole kwenye kibodi, akakunja uso. "Neno la siri la akaunti ya kampuni hunalo. Na namba ya kutumiwa lingine ni ya mkurugenzi mwingine. Anaitwa Edinah. Alafu, dairekta, hesabu za kampuni umekuwa ukiwasilisha kila mwaka? Kwa kampuni faini si kidogo, ni elfu ishirini kila mwaka unaoruka."

Hapo ndipo Wabwile aliporudi karakana, akaketi juu ya ile ndoo tuliyoanza nayo.

Jioni alimweleza Jentrix, kwa kuzungukazunguka sana. Jentrix alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akaketi sakafuni. "Baba Ian! Yaani mama yangu ni dairekta wako?"

"Mama Ian, si kitu cha kucheka hiki. Chuma kimejaa karakana. Hii kazi ikienda Eldoret, tutakula chuma."

Jentrix alipangusa macho, akapiga simu Bungoma. Mama yake alijibu kwa maneno machache tu. Kesho yake saa nne wakutane kwa Keval.

Keval ni mhasibu, mtu wa Bungoma kabisa. Babu yake alifungua duka la vitambaa karibu na stesheni, na yeye Keval amezaliwa hapohapo, Kibukusu anakizungumza kuliko watoto wa Wabwile. Ofisi yake iko ghorofani, chumba kimoja na stoo kando yake, katikati ukuta wa plaiwudi. Alipoelezwa wanaokuja ni nani kwa nani, hakuuliza swali. Alihamisha maboksi ya faili, akaweka kiti kizuri ndani ya stoo, akamfungulia Mama Edinah mlango wa upande wa korido. Wabwile akaletwa ofisini baadaye, macho chini, kofia mkononi. Mlango kati ya stoo na ofisi uliachwa wazi kidogo, na Jentrix akasimama papo hapo kama karani wa mahakama. Kila mtu alisikia kila kitu, plaiwudi ni plaiwudi, lakini neno halikuhesabiwa limefika mpaka Jentrix alifikishe.

"Mkutano wa wakurugenzi," alisema Keval akifungua kompyuta. "Waliohudhuria ni wawili. Mmoja yuko stoo. Tuanze na faini."

Wabwile alifumba macho.

"Hakuna faini."

"Nini?"

"Hesabu zimewasilishwa miaka yote miwili, kwa wakati. Kampuni haikuuza kitu, kwa hivyo ni sufuri na sufuri. Safi kabisa."

"Nani amewasilisha?"

Stoo ikakohoa. Jentrix akainamisha kichwa mlangoni, akasikiliza, akageuka. "Mama anasema jumbe zilikuwa zinaingia kwa simu yake. Anasema hakukusanya ushuru sokoni miaka ishirini na saba ili uzeeni yeye mwenyewe aje kuitwa mdaiwa. Kila Juni alikuwa anaenda saiba."

Wabwile alitaka kulia kwa furaha. Alimgeukia Jentrix. "Mwambie mama asante sana! Mwambie Mungu ambariki! Sasa atupatie hilo neno la siri, tutoe cheti, twende."

Stoo ikazungumza tena, polepole. "Mama anasema neno la siri analo. Lakini mkurugenzi hatoi funguo za gari bila kujua linaenda wapi. Anataka Bwana Keval aeleze kwanza, hii biashara ikae namna gani, na kodi itakuwa ngapi."

Keval alifurahi. Wahasibu huwa hawaulizwi maswali kama hayo na mtu anayetaka kusikia jibu. Alivuta kikokotoo na lile daftari la hesabu Wabwile alilokuja nalo. "Haya. Mwaka jana fundi aliuza milioni mbili na laki nne. Kwa njia ya sasa, asilimia tatu ya mauzo, alilipa elfu sabini na mbili. Sasa, ukitoa chuma, stima, vibarua na pango la karakana, faida ilikuwa..."

"Si lazima useme kwa sauti," Wabwile alinong'ona.

"Laki tatu."

Jentrix aliyekuwa akipeleka maneno stoo alisimama katikati ya sentensi. "Ngapi?"

"Laki tatu," Keval alirudia, mtu asiye na habari za mabati.

"Endelea na kodi," Jentrix alisema, akimtazama mumewe. "Hiyo nyingine ni ya nyumbani."

Keval akaendelea. Kampuni ikitozwa kwa faida, asilimia thelathini ya laki tatu ni elfu tisini. Ile inayobaki wakiigawana wenye hisa, inakatwa tena asilimia tano, kama elfu kumi na nusu hivi. Jumla ni zaidi ya laki moja.

"Laki!" Wabwile aliruka. "Na Levi aliniambia tukigawana tunaonekana maskini!"

"Levi ni nani?"

"Ni... mshauri."

"Mshauri wako amechanganya. Huo ni ushirika wa watu wawili bila kampuni, hapo kweli kila mtu anatozwa fungu lake. Lakini kampuni ni mtu mwingine kabisa. Inalipa yake kwanza, ndipo nanyi mle kilichobaki." Keval aligeuza ukurasa. "Njia ya tatu. Fundi unabaki na jina lako la biashara, unaandika barua kwamba hutaki ile ya mauzo, utozwe kwa faida kama mtu binafsi. Faida laki tatu, ukiondoa nafuu anayopewa kila mlipa kodi, unabaki na kodi ya..." Alibonyeza. "Elfu tatu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwaka. Ila risiti zote ziwepo, hadi ya waya wa kuchomelea."

Wabwile alisimama kabisa. Alisahau heshima, akasahau stoo, akapiga meza. "Elfu tatu! Natoa hoja! Chama kibadilishe barua, hii kampuni ifungwe leo leo, mama apumzike, aachane na mambo ya saiba! Mama Ian, mpelekee hoja."

Jentrix akaipeleka. Swali likarudi. "Mama anauliza, mashine yako ikimkata mtu mkono huko Tongaren, akienda kortini, watauza nyumba ya nani?"

Wabwile akakaa. Keval akavua miwani. "Hapo amenena. Kwa jina la biashara, wewe ndiye biashara. Mali yako yote iko mbele ya korti, na nyumba ya Kibomet ikiwemo. Kampuni inasimama yenyewe, inashtakiwa yenyewe. Haikuondolei kila lawama, lakini wakija, kwa kawaida wanachukua vya kampuni."

"Mama anasema sokoni alikuwa na wafanyabiashara wawili waliouziwa nyumba," Jentrix aliongeza, sauti yake imepungua. "Anasema ndani ya hiyo nyumba analala binti yake na wajukuu wake. Hoja ameikataa. Na anasema ni hamsini kwa hamsini, kwa hivyo bila yeye haipiti."

Mtu anaweza kucheka, lakini Wabwile wakati huo hakuona kichekesho chochote. Elfu tatu alikuwa ameiona kwa macho yake. Stoo ikazungumza tena, na safari hii Jentrix alikawia kulifikisha neno.

"Anataka kujua kitu kimoja, Baba Ian. Anasema alipoona jina lake kwenye zile karatasi, alizisoma mara tatu. Wakwe wengi pale kanisani wanapewa leso na sukari, yeye mkwe wake alimwandika kwenye kampuni. Aliwaambia akina mama wote. Kwa hivyo anauliza, ulimchagua yeye kwa nini?"

Keval alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Wabwile alitazama kofia yake, akaizungusha, akaizungusha tena. Uongo ulikuwepo tele, tena mzuri: busara yako mama, uzoefu wako, maombi yako. Alifungua kinywa kuutoa, akaona ule mlango ulioachwa wazi kidogo, akakumbuka kwamba mwanamke aliye nyuma yake amekwenda saiba mara mbili kwa nauli yake mwenyewe kwa ajili ya kampuni isiyouza hata msumari. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mwambie," alisema, "mwambie nilimchagua kwa sababu yeye ndiye hangeweza kuniuliza swali."

Jentrix hakupeleka neno lile. Hakukuwa na haja. Wabwile akajua amemvunja mama wa watu moyo. Kisha nyuma ya plaiwudi kikaanza kicheko. Kilianza chini chini, kikapanda, kikawa cha mtu anayepiga mapaja, hadi boksi moja la faili likaanguka. Keval naye akashindwa kujizuia. Jentrix hakucheka. Alikuwa amekunja mikono.

Kicheko kilipoisha, Mama Edinah alitoa maagizo yake, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufunga soko zima peke yake. Jentrix alisikiliza na macho yake yakawa makubwa.

"Mama anasema kampuni haifungwi," alisema. "Anasema pia laki ya kodi hatulipi, maana kuna mtu ameandika risiti za karakana, amepokea wateja na kusimamia vibarua miaka kumi na moja bila mshahara, na mtu huyo ni mimi. Anauliza Bwana Keval, kampuni ikitulipa mshahara sisi wawili, si hiyo ni gharama?"

Keval aliweka kikokotoo chini. Alitazama ukuta kwa heshima. "Ni gharama," alisema. "Ikiwa kazi anaifanya kweli, ni gharama halali. Tunaandika barua mtozwe kwa faida siyo mauzo, laki tatu zinagawanyika mishahara miwili midogo, faida ya kampuni inabaki karibu na sufuri. Mishahara ya kiasi hicho nafuu inafunika kodi yake yote. Mtakatwa vile vya afya na vya uzeeni na kadhalika, basi. Mama Edinah, wewe ulistaafu mapema."

"Nilipe mke wangu mshahara?" Wabwile aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Na jambo la mwisho," Jentrix alisema. "Mama anasema ukurugenzi umemtosha. Hisa zake hamsini ananipa mimi, Bwana Keval aandike uhamisho hapa hapa. Nikishaweka saini, ndipo neno la siri litoke."

Wabwile alitazama saa ya ukutani. Alhamisi, saa sita kasoro. Alifikiria Eldoret, alifikiria chuma kilichojaa karakana hadi mlangoni. Akachukua kalamu akasaini kila alipoonyeshwa. Karatasi zikaingia stoo, zikatoka na saini ya pili, nzuri, iliyonyooka. Jentrix akaweka ya tatu, ndipo stoo ikatoa kipande cha karatasi chenye neno la siri. Dakika chache baadaye cheti kilikuwa kikitoka kwenye printa, kikiwa bado na joto, na Wabwile akakishika kwa mikono yote miwili.

"Mama Ian, twende," alisema, akivaa kofia. "Nikitoka sasa nafika Tongaren leo leo."

Jentrix hakwenda popote. Alitoka pale mlangoni aliposimama asubuhi nzima, akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, magoti yakikaribia kugusana.

"Mkutano haujafungwa," alisema. "Bwana Keval, andika ajenda inayofuata. Laki tatu za mwaka jana."

Keval akaandika.

Wabwile akageukia mlango wa kutokea. Lakini Mama Edinah alikuwa ameshatoka stoo kwa ule mlango wake wa upande, akaketi kwenye benchi la korido, mkoba magotini, pale pale ambapo kila anayetoka kwa Keval lazima apite. Alikuwa akitazama ukutani, kwa heshima zote.

Wabwile akavua kofia, akakaa chini, akaanza kueleza.